Daftari la Led Zeppelin: kutoka Mississippi hadi Kashmir, uzi kwa uzi

Mradi wenyewe ni huu. Ninazipitia albamu za Led Zeppelin kwa mpangilio wa miaka zilivyotoka. Kila nikikuta wimbo wenye asili ya bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, ninausikiliza kwanza ule wa zamani, ndipo ninawasikiliza wao, kisha ninajifunza kipande kimoja kwenye gitaa langu lisilo la umeme. Ninayoyasikia ninayaandika daftarini. Leo ninaweka hapa nilipofikia, kwa ajili ya wenzangu wanaocharaza gitaa na kwa wale wanaodhani bendi hii ni makelele matupu.

Kilichonisukuma ni swali moja. Ilikuwaje Waingereza wanne waliokutana mwaka 1968, Jimmy Page kwenye gitaa, Robert Plant kwenye uimbaji, John Paul Jones kwenye besi na kinanda, na John Bonham kwenye dramu, wakapiga bluzi ya Chicago, nyimbo za vijijini za Uingereza, rege, fanki, samba na muziki wenye harufu ya Morocco na India, na bado sekunde chache tu zinatosha kuwatambua? Wengi husema walianza na bluzi wakaiacha. Kadiri ninavyosikiliza ndivyo ninavyoona kinyume chake: hawakuiacha, na ndiyo iliyowafungulia milango mingine yote.

Albamu ya kwanza, 1969

Nilianza na "You Shook Me". Mtunzi ni Willie Dixon, mpiga besi na mtunzi mkubwa wa studio za Chess kule Chicago, akishirikiana na J. B. Lenoir. Mwimbaji wa bluzi Muddy Waters aliutoa mwaka 1962, lakini muziki ulikwisha kurekodiwa kabla yake: ulikuwa wimbo usio na maneno wa mpiga gitaa Earl Hooker, na sauti ya Muddy ikawekwa juu yake baadaye. Sikiliza utaona jinsi Muddy anavyoifuata noti kwa noti gitaa ile ya kuteleza, inayopigwa kwa kitu kinachotelezeshwa juu ya nyuzi, kama mtu anayetembea juu ya nyayo za mwenzake.

Sasa rudi kwa Zeppelin. Plant na Page wanafanya hivyohivyo, gitaa na koo kwenye mstari mmoja, halafu mwishoni wanaanza kujibizana, Page akishusha sauti ya gitaa na Plant akimfuata hadi chini kabisa. Nilipousikia wa Muddy ndipo nikaelewa chanzo cha mtindo ule. Uimbaji wa Plant wa kujibizana na gitaa, ambao ni alama ya bendi hii hadi siku ya mwisho, umekulia humo.

Kwenye albamu hiyohiyo kuna "I Can't Quit You Baby", nao wa Dixon, ulioimbwa na Otis Rush mwaka 1956. Na katikati ya bluzi hizo nzito kuna dakika mbili za "Black Mountain Side": gitaa lisilo la umeme pamoja na tabla, ngoma za India, za Viram Jasani. Chimbuko lake ni wimbo wa jadi wa Ireland jinsi ulivyopangwa kwa gitaa na Bert Jansch wa Scotland. Kwa hiyo upana haukuja baadaye. Ulikuwepo tangu rekodi ya kwanza.

Kwa huu wa mwisho ilibidi nifunge nyuzi upya. Ule mnene kabisa unashushwa kutoka noti ya E hadi D, wa pili kutoka chini toka B hadi A, na ule mwembamba kabisa toka E hadi D. Unapata D-A-D-G-A-D. Ukizipiga zikiwa wazi hupati sauti ya furaha wala ya huzuni, inabaki ikining'inia. Weka alama hapa, maana mfumo huu utarudi.

Kuhusu deni

Siwezi kuandika juu ya mizizi ya bendi hii nikaruka suala la majina. Nyimbo mbili nilizozitaja ziliandikwa jina la Dixon tangu mwanzo. Lakini albamu ya pili, iliyotoka mwaka huohuo wa 1969, inafunguliwa na "Whole Lotta Love", na maneno yake mengi yanatoka kwenye "You Need Love", wimbo mwingine wa Dixon ulioimbwa na Muddy Waters. Jina la Dixon halikuwemo. Alifungua kesi mwaka 1985, wakamalizana nje ya mahakama mwaka 1987, na tangu hapo anatajwa kama mtunzi mwenza. "The Lemon Song" nao umejengwa juu ya "Killing Floor" ya Howlin' Wolf, na jina lake halisi, Chester Burnett, liliingizwa baadaye.

Najua hoja ya upande wa pili: waimbaji wa bluzi wenyewe walikuwa wakiazimana mistari tangu zamani, na mstari wa ndimu ("lemon") kwenye "The Lemon Song" ulishaimbwa na Robert Johnson mwaka 1937. Ni kweli. Ila kuazimana kati ya watu waliokuwa wakilipwa vijisenti kwa rekodi ni jambo moja, na kuchukua kisha kuuza mamilioni ni jambo jingine. Ninaipenda "Whole Lotta Love" kwa moyo wote, na daftarini mwangu nimeuandika kwa majina matano, wao wanne na Dixon.

Nyumba isiyo na umeme

Albamu ya tatu, 1970, iliwashangaza waliokuwa wakingoja makelele zaidi. Page na Plant walikuwa wamekwenda kukaa Bron-Yr-Aur, kibanda cha Wales kisicho na umeme, na nyimbo nyingi zilizotokana na safari ile zimekaa kwenye magitaa ya mbao. "Gallows Pole" ni wimbo wa jadi uliozunguka Ulaya na Marekani. Lead Belly aliurekodi kwa namna yake. Wa Zeppelin unaanza taratibu na gitaa moja, kisha linaingia mandolini, besi, banjo na dramu, hadi mwishoni unakimbia.

Ila usiku mwingi niliutumia kwenye "Since I've Been Loving You". Hii ni bluzi ya huzuni kwenye C mainari, na ni hapa nilipoanza kumheshimu John Paul Jones inavyostahili. Anapiga ogani kwa mikono na wakati huohuo anapiga besi kwa miguu, kwenye pedali za ogani. Vaa spika za masikioni usikilize dramu: kila Bonham anapokanyaga pedali ya ngoma kubwa, chuma kinalia kwi, kwi. Hawakuifuta. Mimi ningewashukuru kwa hilo tu, maana inakuweka chumbani pamoja nao.

Mafuriko, na ngoma chini ya ngazi

Sehemu hii ndiyo iliyonikalisha kuliko zote.

Mwezi Aprili 1927 mto Mississippi ulibomoa kingo zake, ukafunika mashamba na miji, na mamia ya maelfu ya watu wakakosa makazi, wengi wao wakulima weusi wa ukanda wa Delta. Mwaka 1929 Memphis Minnie na mumewe, Kansas Joe McCoy, walirekodi "When the Levee Breaks". Joe ndiye anayeimba. Ukiwasikiliza bila kujua kisa chenyewe unaweza kudhani ni wimbo wa kuchangamka: magitaa mawili yanatembea kwa wepesi, na Minnie anachomeka vinoti vidogo safi katikati ya mistari. Huzuni yote imo kwenye maneno ya mtu anayejua kwamba ukingo ukivunjika hatakuwa na pa kulala.

Miaka 42 baadaye, kwenye albamu ya nne, Zeppelin wakafanya kitu tofauti kabisa. Walichukua maneno, wakayaacha magitaa yale, wakaleta maji yenyewe. Walikuwa wakirekodi Headley Grange, jumba kuukuu la mashambani kusini mwa Uingereza. Dramu za Bonham ziliwekwa sakafuni kwenye ukumbi wa mlangoni, na fundi mitambo Andy Johns akaning'iniza maikrofoni mbili juu kwenye ngazi, mbali na ngoma, akaipitisha sauti kwenye mashine ya mwangwi. Muziki wake ukapunguzwa kasi. Ndiyo maana kila pigo linasikika likianguka, likagonga kuta, likarudi. Harmonika ya Plant nayo ina mwangwi uliogeuzwa, unaotangulia noti badala ya kuifuata.

Na kwenye orodha ya watunzi Memphis Minnie yumo, pamoja na wote wanne.

Kwa kupiga hivi vitu nilihitaji kitu cha kuteleza juu ya nyuzi. Fundi wa viyoyozi mtaani alinikatia kipande cha bomba la shaba la inchi 3/4, akasugua kingo kwa tupa hadi zikawa laini. Ninakivaa kidole kidogo, nyuzi nimezifunga ziwe G wazi, yaani D-G-D-G-B-D, zinazotoa kodi ya G bila kubonyezwa. Shaba ni nzito kuliko kioo na inalazimisha mkono utulie. Siri niliyoipata ni kutobonyeza: bomba linagusa uzi juu kabisa ya kile chuma cha mpaka wa noti, na kidole cha nyuma kinalaza nyuzi zisipige kelele.

Rege na fanki

"Houses of the Holy", 1973, ina rege ya "D'yer Mak'er" na fanki ya "The Crunge" inayomwamkia James Brown. Rege imenikaa, kwa sababu Bonham anapiga kwa uzito uleule wa "When the Levee Breaks" na hajaribu kujifanya Mjamaika. "The Crunge" naiona ni mazoezi ya studio. Mapigo yake ya tisatisa hayachezeki, na fanki isiyochezeka imekosa kazi yake. Nimeendelea mbele.

Kashmir

"Physical Graffiti", 1975, ni albamu ya sahani mbili, na ndani yake ndipo swali langu lilipopata jibu. Upande mmoja una "In My Time of Dying", zaidi ya dakika 11 za gitaa la kuteleza, wimbo wa kiroho ambao Blind Willie Johnson alirekodi sura yake mwaka 1927. Upande mwingine una "Kashmir", ambao Plant alianza kuutungia maneno akiwa safarini kwenye barabara ya jangwani kusini mwa Morocco.

Na gitaa la "Kashmir" limefungwaje? D-A-D-G-A-D, mfumo uleule wa "Black Mountain Side".

Hapo ndipo nilipoona uzi unaounganisha yote. Mpiga bluzi wa Delta hufunga nyuzi ziwe wazi ili moja iendelee kuvuma chini huku nyingine ikilia juu. Page aliizoea tabia hiyo, akaipeleka Wales, akaipeleka jangwani. Muziki wa India na wa Afrika Kaskazini nao unapenda sauti moja inayovuma bila kukoma, kwa hiyo alipoukuta alikuwa na mahali pa kuupokea.

Ujanja wa pili uko kwenye hesabu. Gitaa linarudia kipande cha mapigo matatu huku Bonham akitembea kwa manne, na wanakutana tena kwenye la 12. Nilimwekea mwenzangu anayepiga dramu kanisani. Akagonga nne kwa mguu na tatu kwa kiganja mezani, akawa anatabasamu kila mara wanapokutana. Mimi bado ninahesabu kwa midomo.

Kilichobaki

Upande wa kupiga, "Kashmir" ninaweza kuushika kuanzia mwanzo hadi pale ala za nyuzi na tarumbeta zinapoingia; kipande cha kushuka baada ya hapo bado vidole vinakigombania. "In My Time of Dying" nimeanza na mistari ya polepole ya mwanzoni.

Upande wa kusikiliza, nimebakiza "Presence" ya 1976 na "In Through the Out Door" ya 1979, ambayo ina samba yenye filimbi katikati ya "Fool in the Rain". Bonham alifariki Septemba 1980 na wenzake wakaifunga bendi. Baada ya hapo nataka nisikilize rekodi ambazo Page na Plant walifanya Bombay mwaka 1972 na wanamuziki wa huko, wakipiga "Friends" na "Four Sticks", kisha zile za Marrakesh za 1994 walizopiga na Wagnawa, wanamuziki wa Morocco. Kwa "Friends" nyuzi zinafungwa C-A-C-G-C-E, na uzi wangu mnene ukishushwa hadi C unalegea mno na kugonga shingo ya gitaa, kwa hiyo kabla ya kuendelea nanunua seti nene zaidi.