Nilivyowapata bakteria wanaotengeneza homoni kwenye mizizi ya pilipili manga

Wenye vitalu vya pilipili manga huku Unguja wanaijua tabu yake: pingili inachomekwa, inanyweshwa maji, inakaa tu. Poda ya kuotesha mizizi inasaidia, ila bei yake si ya mkulima mdogo. Nguvu ya poda hiyo ni auksini, homoni inayochochea mizizi, na auksini hutengenezwa pia na bakteria walio udongoni. Nilitaka kuwatafuta hao wa kwetu.

Nilichimba chini ya mpilipili manga wa zamani uliopanda mfenesi, upande wa Kizimbani. Udongo uliolegea niliukung'uta, nikabakisha ule uliong'ang'ania vijizizi. Hapo ndipo penye bakteria wengi. Tangu 1904, Mjerumani Lorenz Hiltner alishaipa jina sehemu hiyo ya udongo inayozunguka mzizi: rizosifia. Mizizi huvujisha sukari na asidi amino, mojawapo triptofani. Bakteria kama Azospirillum, Pseudomonas na Bacillus huichukua triptofani na kuigeuza asidi ya indoli asetiki, IAA, ambayo ndiyo auksini kuu ya mimea yenyewe. Mmea ukipata homoni unazidisha mizizi, mizizi ikizidi chakula cha bakteria nacho kinazidi. Kila nikilifikiri hili nastaajabu upya.

Maabara niliazimwa. Niliotesha bakteria kwenye sahani za agari, yaani rojo la kuoteshea vijidudu, nikachagua makundi yaliyotofautiana kwa rangi na umbo, kila moja nikalitia kwenye chupa mbili za mchuzi wa virutubisho: moja yenye triptofani, nyingine haina. Chupa moja niliiacha bila bakteria kabisa. Baadaye nilizungusha mchuzi kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi, mpaka bakteria wakatuama, kwa kila chupa nikatia mililita 1 ya maji ya juu kwenye bomba la kioo, nikaongeza mililita 2 za kipimo cha Salkowski, yaani kloridi ya chuma ndani ya asidi kali. Glavu na miwani ni lazima. Kisha gizani nusu saa.

Nilipofungua kabati, bomba la chupa isiyo na bakteria lilikuwa na umanjano uleule wa kipimo. Pembeni yake, bomba moja limekuwa waridi iliyokolea, jingine waridi hafifu. Wale wa waridi iliyokolea, kwenye chupa isiyo na triptofani, walitoa rangi kidogo sana. Hilo lilinifurahisha kuliko yote, kwa sababu lilionyesha wanategemea kile kile ambacho mzizi unawapa. Hata hivyo kipimo hiki hubadilika rangi hata kwa kemikali nyengine za jamii ya indoli, kwa hiyo waridi inaelekeza tu, haihukumu.

Nikaenda kitaluni. Pingili za fungu moja nilizichovya kwenye maji matupu, za pili kwenye mchuzi wa bakteria niliouzimua sana, za tatu kwenye mchuzi mzito. Mzee mwenye kitalu akaniuliza, "Mwanangu, hao vijidudu hawatokula mizizi?"

"Hapana babu, mizizi ndiyo inayowalisha."

Nilipozing'oa, fungu lililozimuliwa lilikuwa na vijizizi vingi vyembamba vilivyotoka kwenye vifundo. Fungu la mchuzi mzito lilitoa mizizi mifupi, minene, iliyodumaa. Auksini ikizidi, mmea hutoa ethilini, homoni nyengine iliyo gesi, na ethilini huzuia mzizi kurefuka. Kwa hiyo kuzimua ndiyo kazi yenyewe, na anayesema kamimine tu bakteria wengi hajatazama mzizi.

Mzee alitaka nimwachie chupa. Nilimkatalia kwa heshima, na nafsi iliniuma, kwa sababu mimi nawajua kwa rangi waliyoitoa tu. Miongoni mwa Pseudomonas wamo wanaosaidia mimea na wamo wanaomuuguza binadamu. Wala sikumshauri akachukue udongo wa shamba la zamani autie kitaluni, maana vimelea vya kuozesha shina husafiri na udongo huo huo. Kwanza watambuliwe kwa jina, ndipo nimpelekee chupa yake.