Mwezi ukipatwa huku alfajiri inapambazuka

Ukiwauliza wapigapicha wengi wa hapa Lamu ugumu wa kupiga picha ya kupatwa kwa mwezi uko wapi, watakutajia giza: mwezi umefifia, lenzi ni ndefu, na mtikisiko mdogo tu wa upepo huharibu kila kitu. Mimi giza halinitishi tena, kwa kuwa stendi imara na subira huliweza. Kinachonishughulisha ni mwanga wa anga yenyewe. Nalisema hili mapema kwa sababu tarehe 28 Agosti 2026 mwezi utapatwa kwa sehemu huku kwetu kunapambazuka, na mtu atakayetoka nyumbani na mazoea ya usiku wa manane atarudi na picha ambazo hatazielewa.

Kwa kweli sisi wa pwani hii tumedekezwa. Tarehe 27 Julai 2018 mwezi ulipatwa wote kwa dakika 103, kuanzia saa nne na nusu usiku hadi saa sita na dakika 13, ukiwa juu sana kuelekea utosini, na sayari ya Mirihi iking'aa karibu yake. Jioni hiyohiyo, London, mwezi ulichomoza ukiwa tayari umemezwa wote, ndani ya mwangaza wa jioni ya kiangazi, na watu wakawa wanautafuta kwenye upeo wasiuone. Katika nchi za kaskazini jua la kiangazi halizami kwa kina, kwa hiyo usiku haukolei. Na kwa kuwa mwezi mpevu hukaa upande ulio mkabala na jua, majira hayo hupita chini kabisa, upande wa kusini. Wenzetu hao hupambana na anga angavu na mwezi wa chini kwa wakati mmoja. Huku kwetu, jua huzama likielekea chini moja kwa moja, na kati ya Magharibi na Isha giza huwa limekwisha kutanda. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 7 Septemba 2025: mwezi ulichomoza juu ya Manda, kisiwa kilicho mashariki ya mji wetu, wakati wa Magharibi, kivuli kizito cha dunia kikaanza kuula saa moja na dakika 27, na ulipofunikwa wote saa mbili na nusu anga ilikuwa nyeusi kabisa.

Katika anga nyeusi ya namna ile kazi ni ya hesabu tu. Mwezi mpevu ambao haujaguswa hutosheka na ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), tundu la f/8 (upana wa njia ya mwanga ndani ya lenzi; namba ikipungua, tundu hupanuka) na shata ya sekunde 1/250 (muda ambao kamera hupokea mwanga). Ukifunikwa wote, mimi huanza na ISO 1600, f/5.6 na sekunde moja nzima, na tofauti baina ya mipangilio hiyo miwili ni zaidi ya mara elfu nane ya mwanga. Sekunde moja ndiyo mpaka wangu kwa lenzi ya milimita 300, kwani mwezi husogea angani upana wake mzima kwa muda wa dakika mbili hivi, na shata ndefu zaidi huzipaka kingo zake ukungu. Wekundu unaoonekana kwenye mwezi uliofunikwa ni mwanga wa jua uliopenya kandokando ya dunia kupitia hewa yetu, buluu ikiwa imetawanywa njiani, na ndiyo maana hali ya hewa ya dunia nzima huuathiri. Mwezi uliopatwa Desemba 1992, mwaka uliofuata mlipuko wa volkano ya Pinatubo huko Ufilipino, ulikuwa mweusi mno.

Sasa iwekee picha hiyo anga yenye mwanga. Mwanga wa alfajiri hutawanyika katika hewa iliyo kati yetu na mwezi, na kamera hujumlisha vyote viwili pamoja: mwanga wa mwezi na mwanga wa hewa iliyo mbele yake. Kwa hiyo sehemu ya mwezi iliyoingia kivulini haiwezi kamwe kuonekana nyeusi kuliko anga iliyo pembeni yake. Hupata rangi ileile ya anga, na mwezi huonekana kama kipande kilichomegwa na kutoweka. Ukirefusha shata ili uupate ule wekundu, unaipandisha anga pia kwa kiasi kilekile. Ni kama karabai iliyowashwa adhuhuri: inawaka, lakini haina inachoangaza. Wapo wanaoshauri filta ya polaraiza, kioo kinachofungwa mbele ya lenzi ili kukoleza rangi ya anga. Ushauri huo hufaa kwa anga iliyo pembe mraba na jua. Mwezi uliopatwa uko mkabala kabisa na jua, na huko filta hiyo haina msaada, itapunguza mwanga bure.

Kwa sababu hiyo, tarehe 28 Agosti sitaufukuzia wekundu. Kivuli kizito kitaanza kuugusa mwezi saa kumi na moja na dakika 34 alfajiri. Kilele, ambapo asilimia 93 hivi ya upana wake itafunikwa, ni saa moja na dakika 13 asubuhi, lakini kwetu utakuwa umekwisha kutua karibu na saa kumi na mbili na robo, ukiwa umefunikwa takriban nusu. Tunazo dakika 40 hivi, na mwezi utakuwa magharibi. Aliyezoea kuusubiri ukutani pwani, akiikabili Manda, atakuwa ameupa mgongo. Ninachokusudia ni kuvuka kwa mashua hadi gati la Manda, niutazame mji wenyewe wa Lamu, na mwezi ukishuka nyuma ya mapaa na minara.

Saa yenyewe ya picha naiweka kati ya saa kumi na moja na dakika 45 na saa kumi na mbili kamili, pale mwanga wa anga na wa kuta za mji unapokaribiana na ule wa sehemu ya mwezi iliyobaki. Nitapima sehemu hiyo angavu, nikianza na ISO 200, f/8 na sekunde 1/60, kwa sababu mwezi wa chini hupunguzwa nguvu na hewa nzito. Kuna jambo jingine ambalo mimi naliona zuri kuliko mwezi mwekundu. Muda mfupi kabla ya jua kuchomoza, upeo wa magharibi huwa na mkanda wa samawati ya kijivu, na juu yake waridi. Mkanda huo ni kivuli cha dunia kikiwa kimeangukia hewa yetu, kivuli kilekile ambacho wakati huo kinaula mwezi, na mwezi utazama ndani yake. Picha pana yenye vyote viwili haihitaji lenzi ya bei kubwa.

Stendi isimamishwe gatini, si ndani ya mashua. Kusi bado itakuwa inavuma, kwa hiyo chukueni kitambaa laini cha kufutia chumvi kwenye kioo cha lenzi. Anayetaka kuswali asihofu kuiacha kamera: sala ya kupatwa ni rakaa mbili, kila rakaa ikiwa na rukuu mbili, na shata inayojipiga yenyewe kila baada ya sekunde 30 itaendelea na kazi bila mwenyewe.

Walioko Malindi watauona mwezi ukitua upande wa bara, dakika chache tu baada ya Lamu. Watafute mahali palipoinuka pasipozuiwa na miti upande wa magharibi, na wapakague jioni moja kabla, jua linapozama, wakikumbuka kuwa mwezi utatua kusini ya hapo, kwa nyuzi 19 hivi.