Kosa lilikuwepo, lakini ripoti haikuguswa

Alhamisi, usiku

Leo kikaoni mzee wa kitengo chetu aliisukuma ripoti ya binti aliyeajiriwa karibuni na kusema mbele ya wote, "Hii ni kazi ya mtu asiyefikiri." Binti aliinama. Hakuna aliyetia neno. Tulipotoka mzee akaniambia, "Sisi, mwanangu, tulifokewa kuliko hivi, na ndipo tulipoiva. Hawa wanadeka."

Walioiva tunawaona kwa sababu wamebaki. Waliovunjika moyo wakaondoka, au waliobaki wakajifunza kunyamaza tu, hawamo kwenye hesabu yake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kosa alikuwa ameliona. Takwimu za robo ya pili zilijumlishwa mara mbili, na hitimisho lote likaenda kombo. Angesema hivyo tu, "robo ya pili umeihesabu mara mbili, irekebishe kisha ulipitie upya hitimisho lako," wala kusingekuwa na kubembelezana. Binti angetoka na kazi ya kufanya. Ametoka na jeraha, na ripoti iko vilevile.

Mwaka 1996 watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu kumwambia mtu amefanyaje kazi yake. Kwa wastani ilisaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo utendaji ulishuka. Maelezo yao ni kwamba kadiri maneno yanavyoyatoa mawazo ya mtu kwenye kazi na kuyapeleka kwenye nafsi yake, ndivyo yanavyopoteza nguvu. Hata sifa zinaweza kufanya hivyo. Kwa hiyo wenzangu wa umri wa kati, wanaomwambia kila kijana "kazi nzuri" kwa kuogopa kuitwa wakali, kisha wanampa alama za chini kwenye tathmini ya mwisho wa mwaka, siwaiti wapole. Huko naona ni kumsaliti mtu.

Ila vijana nao wasidhani wao tu ndio wanaoumia. Juzijuzi mmoja wao aliandika kwenye kundi letu la kazi kwamba utaratibu wa kutunza kumbukumbu "umepitwa na wakati, sijui nani aliubuni." Wengine wakaongeza alama za kicheko. Aliyeubuni ni huyo mzee. Alijibu "Sawa," na tangu siku hiyo hajatoa pendekezo hata moja. Hakuna aliyemuuliza kama ameumia, na yeye ni wa kizazi kilichofunzwa kwamba machungu ya kazini hayasemwi kazini. Yasiposemwa yanatafuta pa kutokea, na mara nyingi yanamtokea mtu wa chini ambaye hakuhusika. Hilo halimpi ruhusa ya alichofanya leo.

Kesho nitakaa na binti tuipitie ile robo ya pili mstari kwa mstari, maana kosa ni la kweli na halina budi kusahihishwa. Kisha nitamfuata mzee akiwa peke yake. Nitamwambia aliona sawasawa, ila sentensi yake ndiyo iliyomzuia binti kuona alichokiona yeye. Na nitamuuliza kuhusu siku ile ya kundini, kisha nimwachie nafasi ajibu zaidi ya "Sawa."