Neno moja limenikwamisha wiki nzima

Profesa wetu wa fasihi ya Kiingereza anafundisha vitabu vya karne ya 18, zile Zama za Mwangaza za Ulaya, na anavisoma bega kwa bega na falsafa ya ufeministi. Juzi katupa kazi ya kutafsiri sentensi moja tu kwa lugha ya nyumbani. Ya Mary Astell, mwanamke wa Newcastle, aliiandika mwaka 1706 kwenye dibaji ya kitabu chake kuhusu ndoa: kama "men" wote wamezaliwa huru, imekuwaje wanawake wote wanazaliwa watumwa?

Mi nikaona rahisi hii, nikaandika "watu wote". Swali likawa kali kweli, maana mwanamke si mtu? Lakini ukiandika hivyo umewafungulia wale wanafalsafa wa zama hizo, waliohubiri kuwa "men" wote wamezaliwa huru, mlango wa kutokea, watasema aah, sisi hatukuwasema nyie. Nikafuta nikaweka "wanaume wote", swali likapoa kabisa, halina tena kosa la kumshika mtu nalo. Yaani Kiingereza kinabeba watu na wanaume kwenye neno moja na Astell ndo alipopashika hapo hapo, ila Kiswahili chetu kinakulazimisha uchague.

Nikampigia mama, akaniuliza, "Kwani mwanangu, hao wanawake wa huko walikuwa hawahesabiwi watu?" Nikamwambia mama, kwa sheria za Uingereza za wakati ule ukishaolewa pesa zako ni za mume, hata ulichochuma kwa mikono yako, na mkataba huwezi kusaini kwa jina lako. Akanyamaza kidogo. "Basi huyo dada aliuliza vizuri."

Baadaye wanawake wengine waliligusa neno lile lile. Olympe de Gouges kule Ufaransa mwaka 1791 alichukua tamko la haki la Mapinduzi ya Ufaransa la 1789 akaliandika upya akimtaja mwanamke, na 1793 wakamkata kichwa kwa maandishi yake ya kisiasa. Mary Wollstonecraft yeye 1790 alitoa kitabu cha kutetea haki za "men", halafu 1792 akatoa kingine cha haki za mwanamke, hebu fikiria, kama lile neno la kwanza lingekuwa limetubeba wote cha pili angekiandika kwa nini?

Nikapeleka "watu". Profesa akaandika pembeni: sasa nitafsirie Rousseau. Huyu mwanafalsafa mwaka 1762, kwenye kitabu chake cha Mkataba wa Kijamii, alisema "homme" kazaliwa huru, Kifaransa nacho kina mtego ule ule. Ila mwaka huo huo akatoa kitabu cha malezi ya kijana Émile, na humo mchumba wa Émile, Sophie, analelewa ili ampendeze mwanaume na amhudumie. Nimevisoma vyote viwili, nimerudia kurasa za Sophie mara tatu kwa uchungu, na jibu lake nimelipata kwake mwenyewe.

Nimeandika: "Mwanaume amezaliwa huru."