Miguu Juu Scapa Flow

Miaka kumi na moja nawafundisha wazungu kuzamia pale Mnemba. Nikimtazama mtu anavyovaa mapezi najua kama atamaliza hewa mapema, na najua yupi atapanda botini akiapa kaona papa. Basi sikutegemea kwamba mwezi wa sita, katika ghuba ya Scapa Flow, visiwa vya Orkney kaskazini ya Scotland, ningening'inia majini kichwa chini miguu juu, nimekamatwa kifundo na mzee wa miaka sitini na nane ambaye kuzamia nilimfundisha mie.

Mzee mwenyewe ni mwalimu mstaafu, Mskoti, kila mwaka yuko Nungwi. Siku moja wakati wa kuagana akaniambia, njoo kwetu nikuoneshe meli za Wajerumani. Nikaitikia kama tunavyoitikia wageni wote. Miezi miwili baadaye barua ya mwaliko ikaingia. Habari ya viza siiandiki, walioipitia wanaijua. Ada yake tu ningenunua mbuzi wa Idi na chenji ya ubani. London nilipita. Leicester nililala kwa dada siku nne, nikala pilau kuliko Unguja. Halafu treni, basi, na feri ya saa moja na nusu kutoka Scrabster kwenda Stromness, kikombe cha chai pauni tatu na sukari unajitilia mwenyewe.

Kilichonishinda kwanza ni jua. Mwezi wa sita huko halitaki kuzama. Magharibi inaingia saa nne na nusu za usiku, na saa kumi alfajiri limeshachomoza. Nikampigia dada, "Isha naisali saa ngapi?" Akacheka, "Wewe msafiri, unganisha ulale." Nikaunganisha, lakini kulala sikulala, dirisha lina pazia jembamba kama chandarua.

Asubuhi tukaenda kukodi suti. Sisi huku tunavaa suti nyembamba zinazoingiza maji, mwili ukayapasha moto, na maji yakishuka hadi nyuzi 25 mwezi wa saba tunalalamika baridi. Kule maji yalikuwa nyuzi 10. Wanavaa suti kavu: ndani unajifutika nguo nzito ya sufu kama ya mtoto mchanga, juu yake gunia la mpira lenye zipu ya mabegani, na shingoni na mikononi pana mpira unaobana maji yasipite. Kifuani pana kitufe cha kutia hewa, mkono wa kushoto pana vali ya kuitoa. Pauni 40 kwa siku, zaidi ya laki. Nilipoijaribu nikaona mpira wa mkono wa kushoto una ufa mdogo, kama ukucha ulivyopita. Nikamuonesha mwenye duka. Akaulamba kidole, akaupapasa, akasema uko sawa. Mie mgeni, nikanyamaza.

Mzee akanieleza mara tatu: hewa ndani ya suti hukimbilia palipo juu, ukiinamisha kichwa itaingia miguuni. Nikamjibu naam, naam, kwa sauti ile ile wanayonijibu wanafunzi wangu pale wasiponisikiliza.

Meli tuliyoanza nayo ni Karlsruhe, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na uso wa maji, kina cha mita 26 tu. Tukashuka kwa kamba ya boya. Maji kijani kama chupa, huoni zaidi ya mita nane. Baridi ilianzia midomoni, maana midomo ndiyo haivai kitu. Dakika mbili sikujua tena kama regyuleta, kile kifaa cha kuvutia pumzi, iko mdomoni au imetoka. Kisha ikaja mkononi. Ule ufa. Uzi wa maji ya barafu ukapenya kwenye kiganja, ukapanda pole pole mpaka kwapani, kama mtu anakufanyia dua mbaya.

Mara ubavu wa meli ukatoka gizani. Imelala upande wa kulia, chuma kimefunikwa na viumbe laini vyeupe na vya rangi ya chungwa. Wenyeji wanaviita vidole vya maiti, na jina limekaa. Wauza vyuma waliilipua zamani, kwa hiyo sehemu kubwa ni mabati yaliyokunjamana. Ila huku mbele nikaona minyororo ya nanga, kila pete unene wa paja langu. Nikainama niitazame vizuri.

Hapo ndipo. Vali nilikuwa nimeikaza kwa kuogopa maji, na hewa yote niliyotia kujizuia baridi ikahama kifuani ikenda miguuni. Viatu vikavimba kama mikate ya kumimina, pezi moja likachomoka, likenda zake. Miguu ikaanza kunipandisha. Nikapiga mikono, nikazidi kupanda. Na mie ndiye ninayesimama ufukweni kila asubuhi nikawaambia watu, usishike pumzi, usipande mbio, mapafu yatapasuka! Nikawa natoa pumzi kama nasoma, aaaaa, huku naiona meli inaniacha, na juu ndio chini na chini ndio juu. Kwenye mita 15 hivi nikahisi kitu kimenikaba kifundo. Mzee. Akanivuta, akanipinda magoti kifuani, akanibingirisha kama anayegeuza chapati, akaunyanyua mkono wangu wa kushoto na kuifungua vali. Mapovu yakatoka kwa kishindo. Akanitazama ndani ya miwani, akanionesha kidole gumba na cha shahada vimeungana: sawa? Nikamjibu sawa. Ningejibu nini?

Botini alinivua glovu mwenyewe, vidole vyangu havikuwa na kazi. Nahodha akaniletea supu. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo nadhani alinionea huruma, akaanza kunisimulia. Kwamba Ujerumani iliposalimu amri Novemba 1918, manowari zake 74 zililetwa kufungiwa ghuba hii. Wakakaa humo miezi na miezi, chakula kibovu, kushuka nchi kavu marufuku. Tarehe 21 Juni 1919 meli za Waingereza zikatoka kwenda mazoezini, na amirali wa Kijerumani, Ludwig von Reuter, akapandisha ishara: zamisheni. Wakafungua tundu za maji meli baada ya meli. Kufikia jioni 52 zimekwenda chini, na watoto wa skuli ya Stromness, waliopelekwa kwa mashua kutembezwa, walikuwa katikati wanatazama. Nyingi zilinyanyuliwa baadaye zikauzwa chuma. Kubwa zimebaki saba. Tatu kati ya hizo zina mizinga mizito juu, kwa hiyo zilipokuwa zinazama zikapinduka, zimelala kifudifudi mpaka leo.

"Kama wewe," akasema mzee. Nahodha akacheka kwa mara ya kwanza.

Kisha akaongeza jambo, akidhani ni dogo. Kwamba hii Karlsruhe ni ya pili. Ile ya kwanza ilizama 1914, na Wajerumani walikuwa na desturi ya kuunda manowari mpya wakazirithisha majina ya zilizokufa: Karlsruhe, Emden, Nürnberg, na dada yao mkubwa, Königsberg.

Nikaweka kikombe. Königsberg! Hiyo si ile iliyoingia bandari ya Unguja alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 ikaipiga Pegasus ya Waingereza iliyokuwa inatengenezwa mashine? Wazee wakaiita manowari ya bomba tatu, bomba za moshi. Ikakimbilia kujificha kwenye delta ya Rufiji, na Julai 1915 Waingereza wakaimalizia humo humo, kwenye mikoko. Mizinga yake ikang'olewa, watu wetu wakaiburuta bara kupigania vita visivyokuwa vyao. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, watoto wanaupanda wapigwe picha. Na mabaharia wa Pegasus tumewazika kisiwani Chapwani. Miaka mingapi nawapitisha watalii pale kwa boti, nawaambia "makaburi ya Waingereza wa zamani", kisha naulizia nani anataka nanasi.

Nilimsimulia nahodha. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama Rufiji kunazamika. Nikamwambia kuna tope na mamba. Akatafakari sana jambo hilo.

Siku tatu zilizofuata tulizamia Cöln na Dresden, nilikwenda sawa, sina la kueleza isipokuwa baridi. Royal Oak hatukuigusa. Hiyo ni ya vita vya pili, manowari ya Kijerumani ya chini ya maji iliizamisha Oktoba 1939 na zaidi ya watu 800 ndani yake. Ni kaburi, kuzamia hairuhusiwi. Tukipita karibu na boya lake, nahodha alipunguza mashine bila kusema kitu, na mzee akavua kofia. Mie nikasoma Fatiha, kimoyomoyo.

Jioni ya mwisho nilirudisha suti. Mwenye duka akaigeuza geuza kwenye mwanga, akafika mkono wa kushoto, akasimama. Ufa sasa umefika inchi nzima. Akaandika pauni 35. Nikamkumbusha kidole alichokilamba. Akasema hakumbuki. Mzee akataka kulipa, nikamzuia. Nililipa mwenyewe, zilikuwa pesa zangu za zawadi. Risiti nimeibandika Nungwi, kwenye kibanda cha mitungi, na kila mwanafunzi anayeniambia naam, naam, namuonesha.