Perpetua Ndilo Jina Lake

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii Kanisa limeadhimisha kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji, Juni 24, na Injili ya Luka imenikuta nimekaa kitandani na mtoto wa wiki tatu kifuani. Mnaijua. Majirani na jamaa wamekusanyika siku ya nane, nyumba imejaa furaha, na wao wameshaamua mtoto aitwe Zakaria kama baba yake. Mama anasema hapana, ataitwa Yohane. Wanamjibu kwamba katika ukoo wake hakuna mwenye jina hilo. Injili hii naisikia tangu utotoni, lakini sikuwahi kufikiri kwamba Elizabeti alikuwa mzazi wa siku nane. Mwili haujapona, usingizi hana, tena ni mtu mzima sana kwa umri, na bado anakaa mbele ya ukoo mzima kutetea jina la mwanawe.

Mzaliwa wangu wa kwanza nimemwita Perpetua. Ni jina la bibi yangu mzaa mama, na tangu nilitamke sebuleni sijapumua. Wifi yangu, ambaye ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto siku zote hizi na ananipenda kweli, amenitumia kwenye WhatsApp majina zaidi ya thelathini, Brianna, Ariella, Kayla, akasema nichague lolote ila siyo hilo la mabibi wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki. Mama mkwe aliniambia kwa upole kwamba mtoto atachekwa shuleni. Dada mmoja wa jumuiya alikuja kunipongeza na doti ya khanga na chupa ya uji wa pilipili manga, akamfunua mtoto uso, akauliza mara mbili: "Perpetua? Huyu mdogo hivi?" Na kile kikaratasi cha tangazo tulichopewa hospitali kikabaki juu ya kabati, kimejazwa tarehe, saa, uzito wa kilo 3.1, na pa jina pamebaki peupe.

Nilikuwa nimekusudia kutafakari nanyi ukimya wa Zakaria, na ulimi wake uliofunguliwa pale pale alipokwisha kuandika jina la mwanawe. Nisameheni, nitaliacha hilo. Kuna jambo limenikalia rohoni wiki nzima, nami sijawahi kulisema hata kwa mume wangu mpaka juzi.

Mimi naitwa Apolonia. Nilizaliwa Februari 9, sikukuu ya Mtakatifu Apolonia wa Aleksandria, yule aliyevunjwa meno na kisha akaingia motoni mwaka 249 kuliko kumkana Kristo. Bibi Perpetua ndiye aliyenipa jina hilo. Alikulia Peramiho, karibu na Songea, ambako watawa Wabenediktini walifika mwaka 1898, na huko majina haya ni chakula cha kila siku: Skolastika, Walburga, Otilia, Apolonia. Sikujua kama ni majina ya ajabu mpaka nilipopelekwa shule ya bweni mbali na kwetu. Wiki ya kwanza wasichana walicheka. Wiki ya pili nikawaambia naitwa Polly, na kuanzia hapo nikawa Polly.

Siku moja mstarini dada mkuu alikuwa anagawa barua. Alisoma majina, wenye barua wanatoka mbele. Akasoma: "Apolonia." Kimya. Niliuona upande wa ile bahasha, ya kaki, imepigwa muhuri, na mwandiko wa katekista wa kijijini, maana bibi hakujua kuandika na yeye ndiye aliyekuwa anamwandikia. Hakukuwa na jina la baba juu yake. Bibi aliona jina moja linatosha, kwani duniani kwake alikuwapo Apolonia mmoja. Dada mkuu akarudia: "Apolonia nani hapa?" Wasichana wa nyuma wakaanza kucheka jina. Nami nikatazama viatu vyangu. Wiki iliyofuata iliitwa tena, na tena nikanyamaza.

Desemba nilirudi likizo. Bibi akaingia chumbani kwake, akatoka na bahasha ile ile, haijafunguliwa, imeandikwa kwa wino mwekundu neno moja: Hajulikani. Akaniambia, "Barua yako hii, ilipotea njia." Hakuuliza. Ndani kulikuwa na noti ya shilingi 2,000 imekunjwa mara nne, na maneno machache: nile vizuri, nisali rozari, na siku ya somo wangu, mtakatifu wa jina langu, nisikose Misa.

Ndugu zangu, niliwahi kuungamia mambo mengi, lakini lile la mstarini nililiona dogo mno kulipeleka kwa padre. Jina tu. Wiki hii nimeelewa kwamba halikuwa jina tu. Petro naye aliulizwa na kijakazi, tena usiku, penye moto wa kuota, siyo mbele ya mfalme. Anayekana huanza mahali padogo hivyo hivyo, kwa kicheko cha watu asiotaka wamcheke.

Sasa mtazameni huyo somo wa binti yangu. Vibia Perpetua alikuwa mwanamke wa Afrika, wa Karthago, nchi ambayo leo ni Tunisia. Umri wake miaka 22 hivi, na mtoto mchanga anamnyonyesha gerezani. Tunalijua hilo kwa sababu aliandika mwenyewe siku zake za kifungo, na maandishi yake ni kati ya yale ya kale kabisa tuliyo nayo kutoka kwa mwanamke Mkristo. Pamoja naye alifungwa Felisita, mtumwa, aliyejifungua binti humo gerezani katika mwezi wa nane. Baba yake Perpetua, aliyekuwa mpagani, alikwenda kumbembeleza akane imani aokoe maisha yake. Perpetua akamwonyesha chombo kilichokuwa pale, mtungi, akamuuliza kama kinaweza kuitwa kwa jina jingine lisilo lake. Baba akasema hakiwezi. Basi, akasema binti, hata mimi siwezi kujiita kitu kingine ila kile nilicho: Mkristo. Waliuawa Machi 7, mwaka 203.

Nimesoma hapo na mtoto ananyonya, nikalia. Binti wa miaka 22 alijifunza jina kutoka kwa mtungi wa maji. Nami nilikuwa na bahasha yenye jina langu mbele ya macho yangu.

Mnaosema hili ni jina la kizungu, kumbukeni Karthago. Na mnaosema limechakaa, fikirini maana yake: la daima, lisilokoma. Wazee wetu waliosali Misa kwa Kilatini walilitamka kila walipozika mtu. Pale sisi tunaposema "na mwanga wa milele umwangazie", wao walisema lux perpetua. Tulipomzika bibi tuliimba kwa Kiswahili, sikujua kwamba neno lile lile ni jina lililoandikwa kwenye msalaba wake.

Hapa niruhusuni niseme na akina mama wenzangu wa jumuiya kwa uchungu kidogo. Tunamwendea mzazi na khanga, sabuni, mtori na maneno. Vile vitu vingine vyote ni baraka. Maneno tuyaangalie. Mtu ana kidonda, hajalala siku kumi, maziwa yamemjaa kifua mpaka homa inampanda, nasi tunaketi kitandani kwake kumtaka ajitetee kwa nini amempa mwanawe jina la mtakatifu. Kanuni ya 855 ya sheria za Kanisa inawaambia wazazi, wasimamizi na paroko wahakikishe mtoto hapewi jina lililo geni kwa moyo wa Kikristo. Haisemi lisiwe la zamani. Mama akimwita mwanawe Brianna, sina neno naye, ni mtoto wa Mungu huyo na nitambeba. Lakini tusicheke majina ambayo tunayataja wenyewe kwenye litania ya watakatifu na kuitikia "utuombee". Felisita, Perpetua, Agata, Lusia, Agnesi, Sesilia, Anastasia: padre anayataja altareni katika Sala ya Kwanza ya Ekaristi. Jina linalotajwa hapo litakuwaje aibu kwenye daftari la mahudhurio?

Na kuhusu kuchekwa shuleni, namjibu mama mkwe kwa heshima zote: inawezekana, mama, atachekwa. Nami nilichekwa. Ila mimi sikuwa nimesimuliwa. Niliambiwa jina, sikuambiwa habari za Aleksandria wala za moto ule. Huyu nitamsimulia kabla hajajua kusoma. Nitamwonyesha mtungi wa jikoni, nitamuuliza unaitwaje.

Mume wangu alinyamaza siku nyingi, sikujua yuko upande gani. Juzi usiku nilipomweleza habari ya bahasha hakusema kitu. Jana jioni alikishusha kile kikaratasi kutoka juu ya kabati, akatafuta kalamu yenye wino, ya kwanza ikakataa, ya pili ikakubali, akaandika kwa herufi kubwa pale palipokuwa peupe. Kisha akanipa nisome. Ubatizo ni Jumapili ya pili ya mwezi ujao, Misa ya kwanza, mtuombee.

Leo asubuhi nilikuwa uani naanika nepi. Nikasikia hodi getini, sauti ya wifi yangu, na sabuni za kufulia zimemjaa mikononi. Siku zote hizi ananiita jina langu, au "wifi" tu. Leo ameita kwa sauti, nyumba za jirani zote zinasikia: "Mama Perpetua!"

Nikaitika, "Abee!"