Mlima ulipoguna

Vifaa vya kupandia mlima wenye theluji nilikodi, na bei yake iliniuma, ndiyo maana siku ile nilikuwa mbishi. Sisi tuliokulia Moshi tunaijua theluji kwa kuitazama: asubuhi mawingu yakifunguka, Kibo hiyo hapo, nyeupe, imetulia. Sikuwahi kufikiri kwamba theluji ina tumbo.

Aliyenipeleka ni kaka mmoja wa Nanyuki tuliyekuwa tukifanya naye kazi Denver. Alipata kuwa mpagazi Mlima Kenya kabla ya kuja Marekani. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri hadi Berthoud Pass, njia ya juu milimani, mita 3,446 juu ya bahari. Dhoruba ilikuwa imekatika usiku na mbingu ilikuwa ya buluu tupu. Taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji iliandika 3 kati ya 5. Mimi nikasema, si ndiyo katikati? Akanitazama tu.

Pale maegesho alinivalisha kifuani kifaa cha kupeleka na kupokea ishara, akakifukia chake kwenye theluji na kuniamuru nikitafute. Ilinichukua dakika tisa. "Mtu akifukiwa, matumaini ni dakika 15 za kwanza, na nyingi umeshazila," akasema.

Tukapanda, miguuni tumevaa vile viatu vipana kama nyungo. Kufika ukingo wa msitu, nikakanyaga, na chini yangu kitu kikaguna. Sijui niiandike vipi ile sauti. Labda gunia la mahindi likitupwa kwenye sakafu ya ghala, ila gunia lenyewe liwe pana kama uwanja wa mpira. Theluji yote ikashuka kidogo, kama sentimita moja hivi, na ufa ukakimbia mbele yangu.

"Usisogee."

Hapo palikuwa tambarare, ndiyo salama yetu. Akachukua sepetu, akachimba shimo la kufika kiunoni. Ukutani matabaka yalionekana wazi. Juu bamba gumu lililoshindiliwa na upepo; chini kabisa, karibu na udongo, chembe kubwa zilizochuruzika kiganjani mwangu kama chumvi ya mawe, hazishikamani hata ukizifinya. Akanieleza: theluji ya mwanzo wa msimu huwa nyembamba, ardhi chini yake bado ina joto kidogo, hewa juu ni baridi kali, basi mvuke hupanda na kuzigeuza chembe ziwe hivyo. Halafu mzigo mpya unakuja kukaa juu yake. Akakata mnara mdogo wa theluji, akaweka sepetu juu, akapigapiga kwa vidole mara kumi, kisha kwa mkono kuanzia kiwiko. Pigo la pili la kiwiko, bamba likachomoka kama droo.

Mteremko mbele yetu ulikuwa wa digrii 36. Nikamwonyesha nyayo za watu. "Kaka, hawa si wamepita?"

"Wamepita penye unene. Wewe utakanyaga penye wembamba, uamshe yote. Turudi, mdogo wangu."

Tukarudi. Nilinuna njia nzima nikihesabu dola zangu. Mteremko ule haukuporomoka, angalau si mbele ya macho yetu. Garini alinimiminia chai, sikunywa. Tulikuwa tumefika Idaho Springs aliponigusa bega.

"Zima hicho kidude kifuani, betri inaisha."